Karatasi ya Mlangoni Si Ruhusa

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ndiyo nikianza kuwakaripia wengine msiniulize mimi ni nani.

Mwaka juzi mimi na wasee watatu tulikuwa tunaandaa jioni za mashairi hapa Eldoret, kwenye chumba cha juu cha mkahawa mmoja karibu na Uganda Road. Mlangoni tuliweka karatasi: jina, simu, barua pepe. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Mkenya akiona karatasi yenye mistari na kalamu imefungwa kwa kamba, anaandika tu. Tumezoeshwa hivyo na kila soja wa kila jengo. Baada ya jioni nne tulikuwa na majina tisini na kitu.

Tulipofungua tovuti yetu ya hadithi na mashairi, nikasema, sasa fomu ya kujiandikisha tuweke ya nini, na wasomaji tunao tayari? Nikakaa usiku mmoja nikanakili zile anwani zote, nikaandika barua ya kuwakaribisha, nikazipanga kwenye mstari wa juu, wazi kabisa, kila mtu akiona anwani ya mwenzake. Nikabofya tuma. Nikalala kama mtu aliyechapa kazi.

Watu wawili walijibu hongera. Wiki tatu baadaye akaandika dada mmoja aliyekuwa akisoma mashairi kwetu. Anwani yake ilikuwa na majina yake mawili na pale kazini anapofanya. Kuna mwanamume aliyeiokota kwenye ile barua yangu akaanza kumwandikia kila usiku. Alianza kwa kusifu shairi, akaishia kumwambia kwamba anajua anatoka kazini saa ngapi. Yule dada hakunitukana. Alisema tu: "Mimi nilikuja kusoma mashairi. Sikuja kugawa anwani yangu."

Nilimwomba msamaha. Alinishukuru, na hakurudi tena.

Sasa hapa ndipo wenzangu wa sanaa hunikasirisha, maana nikiwasimulia kisa hiki wananiambia nina bahati mbaya, nilikutana na mtu mmoja mwenye wazimu. Hapana. Yule mwanamume ana makosa yake, tena makubwa. Lakini mlango nilimfungulia mimi. Na milango ya aina hiyo tunaifungua kila wiki, sisi vijana tunaojiita watu wa fasihi, watu wa kutetea haki, watu wa kuandika nyuzi ndefu dhidi ya serikali inayotuchunguza.

Visingizio nimevisikia vyote, kwa sababu mimi mwenyewe nilivitumia.

Cha kwanza: "Sisi ni wadogo." Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019. Ni kweli kanuni zake zinawasamehe wengi walio wadogo kujiandikisha kwa kamishna. Lakini kusamehewa kujiandikisha si kusamehewa sheria. Sheria inasema uchukue data kwa kusudi ulilolitaja, uchukue inayohitajika tu, na mwenye data anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Tena ukisema mtu aliridhia, kazi ya kuthibitisha ni yako, si yake. Karatasi yangu ya mlangoni ingethibitisha nini? Kwamba watu walipita mlangoni, basi.

Sheria hiyohiyo inasema data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa mwenyewe, kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Saa 72 zangu zilipita nikifurahia zile hongera mbili.

Na wanaodhani faini ni za benki na kampuni za simu peke yake, wakumbuke Septemba 2023. Ofisi ya Kamishna, Immaculate Kassait, ilitoza adhabu tatu kwa mpigo. Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kilabu cha Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuja kujivinjari. Mulla Pride, ya mikopo ya simu, shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu walizozipata kwa watu wengine. Shule, kilabu na mkopeshaji. Jioni ya mashairi inakosaje kwenye orodha hiyo?

Cha pili: "Wakenya hawajali hayo mambo." Juni 2021 watu walipoingia kwenye tovuti ya serikali wakakuta wameandikishwa kwenye vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, kelele zilifika mbali. Wengine walikuta wako chama wanachokichukia. Na hata bila kelele, angalia kitabu cha soja kwenye jengo lolote hapa mjini. Nusu ya namba ni za uongo. Tunaandika tarakimu moja ya mwisho vibaya makusudi, sote. Mtu asiyejali hahangaiki kudanganya. Tunajali sana, ila hatuna mahali pa kusema hapana, kwa hivyo tunasema hapana kwa mwandiko.

Cha tatu kinatoka kwa wale wenye tovuti nzuri kutushinda: "Tunataka kuwajua wasomaji wetu." Ukifika kwao kusoma hadithi, kabla ya aya ya pili fomu inaruka mbele yako. Jina la kwanza, jina la ukoo, simu, tarehe ya kuzaliwa, kaunti, kazi. Chini kuna kisanduku kidogo kimeshawekewa alama ya tiki, kinachosema unakubali kupokea habari kutoka kwao na "washirika" wao. Washirika gani? Hadithi ya kurasa sita inataka siku yangu ya kuzaliwa ya nini? Tiki uliyoniwekea wewe ni saini yako, si yangu.

Cha nne ndicho cha kweli kuliko vyote, na hakisemwi hadharani: mfadhili anauliza mna wasomaji wangapi. Naelewa. Kodi ya chumba nayo inalipwa na mtu. Lakini orodha ya watu wasiokutaka haina faida hata ya kibiashara. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanawadai wanaotuma barua kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Barua zako zikilalamikiwa sana, hata anayekutaka kwa moyo wote hatakuona. Utakuwa umezikwa kwenye barua taka, na msomaji wako wa dhati anadhani mlifunga duka.

Kuna wanaoniambia barua pepe imekufa, tuma kwenye WhatsApp. Kumwingiza mtu kwenye kundi bila kumuuliza, namba yake ikaonwa na watu mia mbili, ni ile barua yangu ya usiku, sema tu ina emoji.

Jiji hili lilianza na barua. Mwaka 1910, kwenye ardhi ambayo wakoloni walikuwa wamejigawia, posta ilifunguliwa kwenye shamba namba 64, na ndiyo maana hadi leo wazee wanapaita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja baadaye, 1912. Wazazi wetu waliokua wakitumia sanduku la shule au la kanisa walijua kitu ambacho sisi tumesahau: sanduku lina ufunguo, na ufunguo hauachwi ovyo. Mtu akikutajia namba ya sanduku, amekuruhusu kumwandikia. Hajakuruhusu kuitangaza sokoni.

Basi tulifanya nini? Tulifuta orodha yote. Mwenzangu mmoja alinuna wiki nzima, akisema tumetupa kazi ya mwaka. Tukaweka fomu kwenye tovuti, nafasi moja tu: barua pepe. Juu yake tukaandika tunatuma nini na mara ngapi: barua moja kwa mwezi, hadithi na tarehe ya jioni ijayo, anwani yako hatumpi mtu. Ukijiandikisha unapata barua ya kuthibitisha, na usipobofya, hatukuandikii tena. Hiyo inazuia mtu kuandika anwani ya mwingine kwa mzaha au kwa ubaya. Kila barua ina njia ya kutoka, na kutoka hakuulizwi sababu. Kazi yote ilituchukua jioni moja, kwa programu ya bure.

Baada ya miezi miwili tulikuwa na watu 23. Ishirini na tatu, kutoka tisini na kitu. Lakini hao 23 wanafungua, wanajibu, wanakosoa, na mmoja aliwahi kutuandikia kwamba hadithi ya mwezi huo ilikuwa mbovu. Hao ndio wasomaji. Wale tisini walikuwa watu waliopita mlangoni.

Kwa hivyo nawaomba, nyinyi mnaoandaa usomaji wa vitabu na kuendesha majarida, hapa na Nakuru na Kisumu na Nairobi: fungueni fomu zenu leo usiku. Ondoeni kila swali msilolihitaji kutuma barua. Ondoeni tiki mliyomwekea mtu. Mkiona orodha mliyoikusanya mlangoni, ifuteni, hata kama roho inauma. Hatuwezi kuandika mashairi ya uhuru huku tumeshika anwani za watu ambao hawakutupa.

Jioni zetu zinaendelea. Karatasi ya mlangoni haipo tena. Ningependa yule dada ajue hivyo, lakini anwani yake niliifuta pamoja na nyingine, na sitaitafuta.