Dalia mti: Miezi sita ya kungoja, usiku mmoja wa jalidi

Katika bustani nyingi za Uingereza, dalia mti ni ua la kukatisha tamaa. Unapandwa mwezi Mei, unakua majira yote ya joto hadi unafika dirisha la ghorofa ya kwanza, kisha Novemba, vitumba vikiwa tayari kufunguka, jalidi inaanguka usiku mmoja. Asubuhi majani yote ni meusi na yamelegea kama mboga iliyochemshwa.

Waliokulia Makete au Limuru wanaijua jalidi, ule umande unaoganda na kuunguza mashamba. Tofauti ni kwamba Ulaya hauji kwa bahati mbaya. Unakuja kila mwaka, na swali ni tarehe tu.

Mmea wenyewe hauna kosa. Dalia mti, ambao kwa jina la kitaalamu ni Dahlia imperialis, asili yake ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati hadi Colombia. Ni ndugu wa dalia fupi za kawaida, na Mexico ilizifanya dalia kuwa ua la taifa mwaka 1963. Shina lake lina pingili kama mwanzi na ndani ni tupu. Kwa kawaida hufika mita nne au tano, na kwenye joto hupita hapo. Maua ni ya zambarau hafifu, makubwa kama kiganja, na huinamisha uso chini.

Tatizo ni kwamba mmea huu hupima mwanga. Hauanzi kutengeneza maua mpaka mchana uwe mfupi. London mwezi Juni mchana unazidi saa 16, kwa hiyo dalia mti hutoa majani tu. Mchana unashuka hadi saa 12 mwishoni mwa Septemba, na baada ya hapo vitumba vinahitaji wiki kadhaa kukua. Ndiyo maana maua yanaangukia Novemba, wakati baridi iko mlangoni.

Kuongeza mbolea hakusaidii. Mbolea nyingi ya naitrojeni huongeza majani na kurefusha shina, basi. Kinachosaidia ni mahali. Ukuta unaotazama kusini hutunza joto la mchana na kuzuia upepo, maana shina lenye uwazi ndani huvunjika kirahisi na linahitaji nguzo imara. Taa ya barabarani inayomulika mmea usiku kucha nayo inaweza kuuchelewesha, kwa kuwa mmea hauoni giza la kutosha. Kukata ncha mapema Juni huufanya utoe matawi na usirefuke kupita kiasi. Hilo ni jambo la maana kwenye nyumba yenye babu au bibi mwenye bidii, kwani hakuna ua linalostahili mzee wa miaka 70 apande ngazi kulifunga kamba.

Hata hivyo, mwenye bustani kwenye baridi anafanya vizuri akilihesabu ua kuwa ziada. Kitu cha kulinda ni mzizi na shina.

Shina ndilo wengi hulitupa, na ni hasara. Anayejua kupanda muhogo au miwa anaijua kazi hii tayari. Utabiri ukisema jalidi inakuja, mashina machache yaliyokomaa hukatwa vipande vyenye vifundo viwili au vitatu. Hulazwa kwenye boksi la mchanga wenye unyevu kidogo, mahali pasipoganda, kama gereji au banda la bustani. Machipuko yakianza, vichipukizi hutokea kwenye vifundo. Vipande vichache vinatosha kuokoa mmea hata mzizi ukifa.

Mzizi una njia mbili. Sehemu zenye baridi ya wastani, kama kusini magharibi mwa England, huachwa ardhini. Shina hukatwa likabaki sentimita 10 au 15, kisha juu yake huwekwa matandazo mazito ya majani makavu. Udongo uwe unapitisha maji, kwa sababu mizizi mingi huozeshwa na maji kabla ya kuuawa na baridi.

Pale ardhi inapoganda kabisa, ni lazima kuchimba. Shada la mizizi ya dalia mti ni kubwa na zito kwa udongo uliolowa, kwa hiyo ni kazi ya watu wawili, wakikunja magoti badala ya mgongo. Likishatolewa hugeuzwa shina likatazama chini kwa siku chache. Wengi huruka hatua hii. Maji hubaki ndani ya shina, yanashuka shingoni, na kufikia Februari shada zima limeoza. Baada ya kukauka hufunikwa kwa mchanga mkavu au maranda, kwenye nyuzi joto 4 hadi 10, na kukaguliwa kila mwezi. Lililosinyaa hunyunyiziwa maji kidogo. Kipande kilichooza hukatwa.

Anayegawa mizizi kwa jirani akumbuke kuwa hii si viazi mviringo. Kiazi kina macho mwili mzima, lakini dalia ina macho shingoni tu, pale mzizi unapoungana na shina. Mzizi mnono usio na shingo hautachipua hata ukibembelezwa.

Kuna jambo moja la afya lisilopaswa kupita kimya. Mizizi ya dalia ina inulini, na jina hilo linafanana mno na insulini. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Inulini ni aina ya nyuzilishe ambayo ikizidi huleta gesi tumboni. Insulini ni homoni, na kwa wagonjwa wengi wa kisukari ni dawa ya kila siku. Mgonjwa anayeacha sindano kwa sababu ameambiwa mizizi ya dalia "ina insulini" anahatarisha maisha yake. Mizizi ya dukani huenda pia imepakwa dawa ya kuua kuvu, kwa hiyo si chakula. Mbwa na paka wakiila dalia huumwa tumbo, na baadhi ya watu utomvu wake huwawasha ngozi, hivyo glavu ni muhimu.

Kama utabiri wa jioni ni wa jalidi na maua machache yameshafunguka, yakatwe usiku uleule na kuwekwa kwenye maji sebuleni. Vitumba vilivyofungwa viachwe, kwani kwa kawaida havifunguki vikishakatwa. Mizizi iliyohifadhiwa huwekwa kwenye vyungu ndani ya nyumba mwezi Machi au Aprili, na hutoka nje baada ya jalidi ya mwisho, ambayo sehemu nyingi za Uingereza ni mwishoni mwa Mei.