Rehema Haifuti Jina la Uria

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Msemo huu una hekima yake, lakini katika siasa zetu umegeuzwa kuwa kufuli. Kila linapoulizwa swali kuhusu mtu aliyeumizwa na wenye mamlaka, hatakosekana wa kutuasa tusamehe na tusonge mbele. Akiwa ni mtu wa dini, huongeza kwamba Mungu ana makusudi yake katika kila jambo. Kwa kuwa Maandiko ya Kikristo ndiyo yanayoitwa mara nyingi kutoa ushahidi, nimeona tuyasikilize yenyewe, tukianza na mtenda dhambi ambaye msamaha wake husimuliwa mno: Mfalme Daudi.

Kisa kimo katika 2 Samweli, sura ya 11 na ya 12. Jeshi linauzingira mji wa Raba. Mfalme amebaki Yerusalemu. Anamwona Bathsheba, mke wa Uria Mhiti, na anatuma watu wamlete. Anapopata habari kwamba mwanamke ana mimba, anamwita Uria kutoka vitani ili alale nyumbani kwake na jambo lifunikwe. Uria anakataa kustarehe ilhali wenzake wamepiga kambi uwandani. Ndipo mfalme anamwandikia barua jemadari wake, Yoabu, akiagiza Uria awekwe penye mapigano makali, kisha aachwe peke yake auawe. Barua hiyo inabebwa na Uria mwenyewe.

Tazama jinsi uovu huu ulivyofuata utaratibu. Kuna wajumbe waliotumwa, agizo la maandishi, mtekelezaji, na taarifa ya utekelezaji iliyorudishwa kwa mkubwa. Yoabu hauliizi Uria amekosa nini. Askari wengine wanakufa pamoja naye, na majina yao hatuyajui hadi leo. Mtumishi wa umma anayesoma kisa hiki asimtazame Daudi peke yake. Dhambi ya mfalme ilihitaji mikono ya watiifu.

Kisha anakuja nabii Nathani na mfano wa maskini aliyenyang'anywa kondoo wake wa pekee. Mfalme anaghadhibika na kutoa hukumu, asijue kwamba anajihukumu mwenyewe. Anapoonyeshwa, anakiri, na hapo hapo anaambiwa kwamba Mungu ameiondoa dhambi yake na hatakufa. Hiyo ni rehema, tena ya haraka kuliko ambavyo wengi wetu tungeitoa. Hata hivyo, anaambiwa pia kwamba upanga hautaondoka katika nyumba yake. Sura zinazofuata zinasimulia jinsi Amnoni alivyombaka dada yake Tamari, na jinsi Absalomu alivyomuua Amnoni na baadaye kumwasi baba yake.

Wanaosema kwamba Mungu alileta jema kutoka katika ubaya huo hawakosei. Bathsheba alimzaa Sulemani, na Injili ya Mathayo inapitisha ukoo wa Yesu katika nyumba hiyo hiyo. Lakini andiko linasema waziwazi kwamba tendo la Daudi lilimchukiza Mungu. Kujenga juu ya magofu hakumfanyi mjenzi kuwa ndiye aliyebomoa. Kwa maoni yangu, majaliwa ya Mungu ni tumaini la aliyeumizwa. Hayajawahi kuwa utetezi wa aliyeumiza.

Linalonigusa zaidi ni kumbukumbu. Orodha ya mashujaa 37 wa Daudi katika 2 Samweli 23 inamalizika kwa jina la Uria Mhiti. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 15, kinamsifu Daudi kwa uadilifu wake, kisha kinatoa udhuru mmoja tu: jambo la Uria. Karne nyingi baadaye, Mathayo anapofika kwa mama yake Sulemani, hamtaji Bathsheba kwa jina. Anamtambulisha kwa mume wake wa kwanza, Uria. Mtu aliyeuawa ili asahaulike ameandikwa katika ukoo wa Masihi. Mkosaji alisamehewa, lakini jalada halikuchomwa.

Wanaharakati nao wana la kujifunza. Nathani hakuukataa ungamo wa mfalme ili aendelee kumshtaki. Na katika 1 Wafalme 1, nabii huyo huyo ndiye anayesimama upande wa Bathsheba ili Sulemani arithi kiti cha enzi. Aliyemwambia mfalme ukweli mchungu hakuwa adui wa utawala. Adui wa kweli, nadhani, angenyamaza na kuuacha uoze.

Basi tunapoambiwa tusamehe, tusikatae, maana sote tunaishi kwa rehema. Tuulize tu nani amekiri, amekiri kosa gani, na aliyeumizwa anaitwa nani. Jeraha linalovuja damu bado halijapita, na hakuna mganga anayeganga ugonjwa ambao wagonjwa wake wamekatazwa kuutaja. Kiongozi anayetaka tugange yajayo na aanze kwa kumtamka Uria wake kwa jina.