Baisikeli Isifukuzwe Shuleni

Nimeomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili niseme neno juu ya baisikeli. Kila mmoja wetu ajua jambo lililotokea muhula uliopita. Mwenzetu wa Kidato cha Pili aligongwa na motokaa alipokuwa akija shuleni, akavunjika mkono wa kushoto. Twamshukuru Mungu, amepona, na sasa acheza mpira kama zamani. Lakini tangu siku ile maneno yamekuwa mengi. Baadhi ya wazazi wamemwomba Mwalimu Mkuu apige marufuku baisikeli zote, na wanafunzi wengine, hasa wale waletwao mpaka langoni kwa motokaa, wamewaunga mkono. Mimi nasema sivyo. Nitaeleza sababu zangu kwa adabu, maana wengi wa wale ninaowapinga ni wakubwa wangu.

Kwanza nakiri kwamba wazazi hawaogopi bure. Nairobi si mji mpole kwa mwenye baisikeli. Matatu husimama ghafula mbele yako kuchukua abiria, pikipiki hupenya kushoto na kulia, na lori likikupita karibu, upepo wake peke yake watosha kukuyumbisha. Mama yangu mwenyewe husimama mlangoni kila asubuhi mpaka nipotee machoni pake. Hajaniambia kwa nini, nami sijamwuliza, kwa kuwa sababu naijua.

Lakini tuitazame ajali yenyewe. Mwenzetu aligongwa katika barabara kuu, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, kungali giza, na baisikeli yake haina taa. Nyuma ya barabara ile ipo njia nyingine ipitayo kati ya nyumba, ambayo motokaa ni chache na zaenda polepole. Njia hiyo yamzidishia dakika nane tu. Nilipomwuliza kwa nini hakuipita, alijibu kwamba hakuijua. Miaka miwili alikuwa akipita barabara kuu kwa sababu ndiyo ipitayo matatu, na kwa matatu ndiko alikojifunza mji. Basi naona kosa si la baisikeli. Kosa ni kwamba tumefundishwa kuuogopa mji, lakini hatukufundishwa njia zake.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa Jiografia mawazo haya, alisema maneno hayatoshi, twende tukajaribu. Alichora ramani ya safari ya kuunganisha bustani na misitu ya mji wetu kwa kupita njia zenye utulivu kadiri iwezekanavyo. Kila mwanafunzi alileta barua ya ruhusa ya mzazi wake. Tulikuwa saba, na mwalimu wa nane. Mwenzetu aliyevunjika mkono alikuja pia. Mama yake alimleta mwenyewe, akamwambia mwalimu, "Nimekukabidhi huyu," kisha akageuka akaenda zake bila kutazama nyuma.

Mwalimu alitupa amri moja kabla hatujaanza: mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye atakayetangulia, na asiwepo wa kumpita. Mwendo mdogo ulikuwa wa binti mmoja wa Kidato cha Kwanza, aliyeazima baisikeli ya mjomba wake, moja ya zile nyeusi nzito ziitwazo Black Mamba. Basi yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu siku nzima, na sisi wenye baisikeli nyepesi tukajifunza subira. Mwenda pole hajikwai.

Tulianza Jumapili saa moja asubuhi katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya mji. Bustani hii ilitolewa kwa watu wa mji na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi, na ilifunguliwa mwaka 1906, mji wenyewe ukiwa bado mchanga. Karibu na mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kujenga humo majumba na mahali pa kuegesha motokaa, lakini wananchi walikataa, na mjukuu wake, Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele katika kukataa huko. Saa ile tuliyofika, wazee walikuwa wamekwisha kukaa katika viti wakisoma magazeti, na mhubiri mmoja alikuwa akijitayarisha chini ya mti.

Kutoka hapo tulipita Muindi Mbingu Street, ambayo Jumapili asubuhi ni kimya kama ukumbi wa mtihani, tukaelekea Uhuru Park. Hapa pana kikwazo kikubwa cha safari nzima, nacho ni kuvuka Uhuru Highway. Juu yake yapita ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo baisikeli haina ruhusa kuikanyaga. Chini, motokaa hazina subira. Mwalimu alituamuru tushuke, tukazikokota baisikeli na kuvuka pamoja na waendao kwa miguu. Nilimwona mwenzetu yule akiubana usukani kwa mikono miwili mpaka tulipofika ng'ambo. Hakusema neno, wala hakuna aliyemcheka.

Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Wengi wetu twaijua kwa mashua na pikiniki, lakini mwalimu alitukalisha kwenye majani akatukumbusha mambo mengine. Mwaka 1989 wakubwa wa wakati ule walitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua nyingi kulipinga, akatukanwa hadharani, lakini hakunyamaza, na mwishowe jumba lile halikujengwa. Kama asingalisimama yeye, mahali tulipokaa tukila mihogo asubuhi ile pangalikuwa lango la ofisi, na askari angalitufukuza.

Tulipanda kilima kwa State House Road mpaka Arboretum. Mji wetu uko juu karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mlima wake mdogo kwa motokaa ni mkubwa kwa miguu. Kiongozi wetu alishuka akaikokota Black Mamba yake, nasi sote tukashuka. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili ijulikane ni miti gani ya kigeni iwezayo kumea haraka katika nchi hii, kwa kuwa magari ya moshi ya siku zile yalihitaji kuni. Leo magari yale hayapo, lakini miti imebaki, ya aina zaidi ya 300, na mingi ina kibao cha jina lake. Mwanafunzi asomaye Biolojia akipita humo kwa mwendo wa polepole atajifunza zaidi ya apatayo katika kurasa kumi za kitabu.

Sehemu ya nne ilikuwa kwenda City Park kwa kupita mitaa ya Parklands. Hapa ndipo nilipoelewa kabisa maana ya kuchagua njia. Barabara kuu ya kwenda Westlands ilikuwa karibu, twasikia ngurumo yake, lakini sisi tulipita njia za ndani, chini ya miti mikubwa, na kwa muda mrefu motokaa zilizotupita hazikufika kumi. Mbwa mmoja alitufuata akibweka, akachoka, akarudi. Tuliweza kuzungumza tukiendesha, jambo lisilowezekana katika barabara kuu.

City Park ina kima wengi, nao hawamwogopi mtu, mmoja alichukua ndizi mkononi mwa mwalimu, naye akasema, "Na yeye amefika mapema." Humo yamo makaburi ya watu wawili waliokuwa marafiki: Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965, na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, akafariki mwaka 1990. Murumbi alitaka azikwe karibu na rafiki yake. Nimeishi Nairobi miaka yangu yote na sikujua. Nimepita kando ya City Park mara nyingi ndani ya matatu, muziki ukilia, nikitazama kisogo cha mtu aliyekaa mbele yangu.

Mwisho tuliifuata Limuru Road, tukienda mmoja mmoja kandokando, mpaka lango la msitu wa Karura. Katika safari yote hiki ndicho kipande nisichokipenda, maana njia ni nyembamba na motokaa ni nyingi. Sitaki kumdanganya msomaji. Lakini ukiisha kuingia Karura, umepata malipo yako. Ni msitu wa hekta 1,000 na zaidi, wenye mito, maporomoko ya maji na mapango, na zimo njia ambazo baisikeli zaruhusiwa na motokaa haziji. Binti yule wa Kidato cha Kwanza, aliyetuongoza kwa woga siku nzima, humo alipiga kengele yake akateremka mteremko akicheka kwa sauti, nasi tukamwacha atangulie.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Msitu wa Karura nao ulikuwa ukiogopwa. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti langoni, wakapigwa mpaka damu. Hata baada ya msitu kuokoka, watu waliuhofu kwa sababu ya wanyang'anyi. Waliweza kusema, "Ni mahali pa hatari, basi watu wakatazwe kuingia." Hawakusema hivyo. Kuanzia mwaka 2009 wakazi wa karibu waliungana na wenye kulinda misitu ya nchi, pakajengwa ua, wakawekwa walinzi, njia zikasafishwa, na leo watoto wapita humo na baba na mama zao. Mahali pa hatari pamefanywa pa salama kwa kutunzwa. Je, baisikeli nayo isitendewe hivyohivyo?

Najua nitaambiwa, "Hiyo ilikuwa Jumapili, Jumatatu ni kitu kingine." Ni kweli. Lakini njia ya ndani ya Jumapili ndiyo njia ya ndani ya Jumatatu, na mtu hawezi kuipita Jumatatu kama hakujifunza Jumapili. Wengine watasema baisikeli ni chombo cha maskini, na kwamba sisi twasoma ili tuiache. Haya ni maneno ya kiburi. Wapo katika shule hii wanafunzi ambao nauli ya matatu ya kwenda na kurudi ni sawa na unga wa jioni. Ukiwakataza baisikeli, hujawaokoa na ajali. Umewatuma waende kwa miguu katika giza lilelile, kandokando ya barabara ileile, na kufika darasani wamechoka. Wale wadai marufuku hawatakuja na nauli yao mkononi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, shule ichore ramani ya njia zote zenye utulivu kutoka mitaa tukaayo mpaka hapa, nasi wanafunzi wenye baisikeli tuko tayari kuzipima wenyewe na kuibandika ramani ubaoni. La pili, baisikeli isiruhusiwe kuingia langoni kama haina taa, kengele na breki mbili zinazofanya kazi. Na asiyeweza kununua taa asaidiwe. Sheria hii ni kali, najua, nasi tutaitii. La tatu, kila muhula pawe na safari moja kama ile yetu, ya bustani kwa bustani, pamoja na mwalimu, na mwenye mwendo mdogo akitangulia. Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitoa sera juu ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Barabara nyingi bado hazijapata njia ya kutosha, nasi hatuwezi kuzijenga. Lakini haya matatu twaweza kuyafanya bila kumngoja mtu.

Tuliporudi saa kumi alasiri, mama wa mwenzetu alikuwa amekaa kwenye jiwe langoni. Alimtazama mwanawe kutoka kichwani mpaka viatuni, akaipapasa mikono yake yote miwili, akauliza, "Mmepita wapi?" Mwana akaanza kumweleza, njia moja baada ya nyingine, mpaka mama akasema, "Basi kesho unionyeshe hiyo ya nyuma ya nyumba." Kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, walikwenda pamoja, mama kwa miguu, mwana akiikokota baisikeli, yenye taa mpya.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu