Hadithi za Mapenzi ya Jinsia Moja Zisomwe

Mwaka 2002, kabla ya kuwa na kitabu chake hata kimoja, Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi iliyokuwa imechapishwa katika intaneti. Januari 2014, katika intaneti vilevile, alitangaza kwamba yeye ni shoga.

Nawakumbusha hayo walimu wenzangu wanaozibeza hadithi na mashairi ya mapenzi ya jinsia moja yanayotungwa na chipukizi wasio na mchapishaji. Ni kweli, nyingi ni dhaifu; machozi humwagika kabla mhusika hajajulikana. (Na tungo tunazosahihisha shuleni, je?) Lakini mashairi yana mengi ya kumfaa mwanaisimu. Mshairi wa Kiingereza mara nyingi hulazimika kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike, ama akimbilie nafsi ya pili. Kiswahili hakimlazimishi: "anampenda" haielezi yupi mume, yupi mke. Wanafunzi na wapime ukimya huo unaficha nini, na unamkinga nani.

Watakaotaja sheria wakisome Kifungu cha 162, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha Mei 2019: kinaadhibu tendo, hakitaji kusoma. Naye mwalimu anayezikejeli kazi hizi hajui ni yupi kati ya wanafunzi wake aliyeandika mojawapo jana usiku, kwa jina la kupanga.