Weka Chini Msasa

Kuna watu hununua kiko cha zamani cha Kiingereza, wakakisugua kwa msasa hadi king'ae kama kiatu cha askari, kisha wanasema wamekirekebisha. Wamekirekebisha wapi! Wamekifuta. Kwenye Dunhill, ile tarakimu ndogo baada ya neno ENGLAND ndiyo hukuambia mwaka. Pete ya fedha huwa na nanga ya Birmingham au kichwa cha chui cha London, na herufi ya mwaka kando. Chapa hizi hazina kina. Msasa kidogo tu, kwisha. Mdomo wa ebonaiti umekuwa kijani? Ni salfa na mwanga. Sugua hapo, taratibu, ukiikwepa chapa. Lakini mzizi wa braya upanguse kwa kitambaa tu. Ule weusi ukingoni ni viberiti vya mzee fulani, unakukera nini? Ulitaka kipya, si ungeenda dukani?