KAZI YA MIKONO: Angalia mbavu mbele ya kuzifunika



Pengine ndugu yenu aliye Ulaya aliwatumia sanduku ya kartoni, na juu yake kuna picha ya meli ya vita ya zamani: milingoti mitatu, matanga meupe, mizinga pande zote mbili. Unaifungua ukifikiri utakuta meli. Kumbe, meli hakuna! Kuna mafungu ya vibao vyembamba, uzi, vitu vidogo vya chuma, na karatasi kubwa za michoro. Meli ni wewe utaijenga. Mwezi huu tunataka kusema juu ya kazi hiyo, na sana sana juu ya siku moja ya kazi ambayo watu wengi wanaipita mbio.

Tuchukue mfano wa meli moja ya kweli, ambayo sanduku zake zinauzwa mpaka leo: Vasa, meli ya mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi. Vasa ilijengwa katika mji wa Stockholm. Urefu wake ni metre 69, ukihesabu na ule mti mrefu wa mbele. Ukiijenga kwa kipimo cha 1 juu ya 75, maana yake kila santimita yako ni santimita 75 za meli ya kweli, itakuwa na urefu wa santimita 92. Itaenea vizuri juu ya meza ya kulia. Askari mwenye metre 1 na 70 hatafika hata santimita 2 na nusu.

Vasa ilibeba mizinga 64, na ile mikubwa ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na bati. Wasomaji wetu wa migodi watapenda kujua kwamba wakati ule Uswidi ilikuwa na mgodi mkubwa wa shaba kule Falun, na shaba hiyo njo ilileta utajiri mwingi kwa mfalme. Basi, meli ilikuwa nzuri ya kushangaza, yenye sanamu nyingi za kuchongwa. Siku ya 10 Agosti 1628 iliondoka kwa safari yake ya kwanza. Ilienda kama metre 1.300 tu. Upepo ukaisukuma, ikalala upande, maji yakaingia katika madirisha ya mizinga ya chini, ikazama karibu na mji, watu wakiangalia. Watu karibu 30 walikufa.

Sababu gani? Si miamba, si adui. Umbo la meli lenyewe lilikuwa baya: sehemu ya juu ilikuwa nzito na ndefu mno, na sehemu iliyo ndani ya maji ilikuwa ndogo, haikuweza kuishika. Kosa hilo lilikuwa ndani ya mifupa ya meli tangu mwanzo. Kupaka rangi na kuchonga sanamu hakukuweza kuliondoa.

Sasa turudi kwenye meza yetu.

Kazi ya kwanza: usikate kitu. Hesabu vitu vyote sawasawa na orodha, na usome michoro mpaka mwisho. Halafu tafuta ule ubao mrefu wa katikati, ndio mkuku, uti wa mgongo wa meli. Juu ya mkuku unasimamisha mbavu, moja moja, katika nafasi zilizokwisha kukatwa. Mara ya kwanza ziweke bila kole. Ikiwa lubavu moja linaingia kwa nguvu, usilipige nyundo. Lipunguze kidogo kwa msasa. Funga mkuku katikati ya vipande viwili vya mbao vilivyo wima juu ya ubao ulionyooka, kusudi usipinde wakati wa kazi. Pima kila lubavu kwa ekeri, ile ambayo fundi wa mbao anatumia kwa kupima pembe. Nyuma ya hapo njo unaweka kole, na unaacha ikauke usiku mzima.

Hapa ndipo tunataka usimame. Usiweke kibao cha kwanza. Chukua kibao kimoja chembamba, ukilaze juu ya mbavu zote toka mbele mpaka nyuma. Kinapaswa kugusa kila lubavu. Pale kinaporuka bila kugusa, lubavu ni fupi: ongeza kipande kidogo cha mbao. Pale kinapovimba, lubavu limezidi: punguza kwa msasa. Fanya hivyo juu, katikati na chini, upande wa kuume na wa kushoto. Kosa la milimita 2 unaliona dogo, lakini kwa kipimo chetu ni santimita 15 za meli ya kweli. Tena, ukilifunika leo, litaonekana kesho: vibao vitaruka, milingoti itaegama, na utakuwa umemaliza miezi ya kazi juu ya kitu kilichopinda.

Halafu, ita mtu mwingine aangalie. Macho ya mwenye kujenga yamezoea. Mtoto wa miaka 10 akikaa mbele ya meli, jicho lake likiwa sawa na mkuku, ataona mbio kuliko wewe. Na akisema, “Papa, hii lubavu iko naegama,” usimjibu, “Nyamaza, hujui kitu.” Mwambie, “Nionyeshe.”

Sababu gani tunasema hivi? Kwa sababu ya Vasa. Kama mwezi mmoja mbele ya safari, wakubwa walifanya jaribio. Watu 30 walikimbia pamoja toka upande mmoja wa meli mpaka upande mwingine. Walipokimbia mara ya tatu, meli ilikuwa inayumba sana, na amiri Klas Fleming akaamuru waache, kusudi isizame pale pale. Kwa hiyo waliona! Lakini mfalme alikuwa mbali vitani, alikuwa ameandika kwamba anataka meli yake haraka, na fundi mkubwa, Henrik Hybertsson, alikuwa amekufa mwaka wa 1627. Meli haikuzuiliwa. Nyuma ya ajali wakafanya mashauri, kila mmoja akasema si yeye, na hakuna mtu aliyepewa azabu.

Kuna jambo lingine. Meli hiyo ilitolewa majini tarehe 24 Aprili 1961, na ndani yake walikuta vipimo vinne vya mafundi. Viwili vilikuwa vya futi ya Uswidi, yenye inchi 12. Viwili vilikuwa vya futi ya Amsterdam, yenye inchi 11. Mafundi wa meli moja walipima kwa futi mbili tofauti. Hapo tunapata sheria kwa nyumba yetu: kama mnajenga watu wawili au watatu, mtumie rula moja tu, na kalamu moja ya kuchora.

Mbavu zikiwa sawa, kazi inayobaki inataka uvumilivu tu. Vibao uvitie katika maji ya moto kidogo, kama nusu saa, vipate kupindika bila kuvunjika. Weka kimoja kuume, kingine kushoto, zamu kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, vibao vitavuta meli nzima na kuipinda. Kwa kuvishika wakati kole inakauka, vibanio vya nguo vya mama vinatosha (lakini umwombe kwanza!). Kumbuka kwamba tumbo la meli ni pana na mdomo wake ni mwembamba. Njo maana kila kibao kinapunguzwa upana kwenye ncha yake. Sanduku nyingi zina vibao vya mara mbili: vya kwanza vinene, vya pili vyembamba vya mti mzuri, vya kufunika. Nyuma yake mizinga, halafu milingoti, halafu kamba. Kwa kamba, anza na zile za ndani na za chini, kusudi mkono wako usikose njia ya kupita.

Kazi yote inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, ukifanya saa moja moja za jioni. Kama hauna sanduku, usihuzunike. Vijana wetu wanaojua kutengeneza motokari za waya wanajua tayari kuanza na mifupa. Chora mkuku na mbavu juu ya karatasi, uzikate katika tripleksi, na sheria ni zile zile.

Leo Vasa ya kweli inasimama katika nyumba yake ya makumbusho kule Stockholm, iliyofunguliwa mwaka wa 1990. Watu wengi wanakuja kuiona. Ni nzuri kweli, lakini haikusafiri hata saa moja.

Basi, jioni mtakapomaliza kusimamisha mbavu, mlete taa karibu, mwite watoto wote wa nyumba, na kila mmoja aseme anachoona. Mkubwa asikilize. Kole ya vibao ingojee mpaka kesho.