Mgeni kaja Churchill Downs, basi mwenyeji naye apone

Churchill Downs, uwanja wa mbio za farasi wa Louisville, Kentucky, umetumia kama dola milioni 200 kujenga upya eneo la kutandikia farasi. Kazi ilikamilika kabla ya Kentucky Derby ya 150, Mei 2024. Mimi sina ubaya nayo. Mgeni anawaona farasi kwa karibu kabla ya mbio, na ile minara miwili ya 1895 imepata nafasi ya kuonekana. Siku ya Derby watu hupita laki moja. Lazima wapokewe vizuri.

Ila wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa pale mwenyeji ni nani?

Kwangu mimi ni saisi, anayeamka kungali giza kuwaogesha farasi na kuwafunga bandeji miguuni. Wengi wao ni wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini, na baadhi wanaishi humo humo uwanjani, upande wa mabanda. Mwenyeji ni farasi pia. Mwaka 2023 walikufa farasi 12 ndani ya wiki chache, mpaka mbio zikahamishiwa Ellis Park. Wachunguzi hawakupata sababu moja ya vifo vyote.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Uwanja uliongeza vifaa vya kupima na kutunza njia ya mbio, na Backside Learning Center inawasomesha wafanyakazi na watoto wao. Lakini jengo la wageni hupigwa picha. Chumba cha saisi nani anakipiga picha?

Sisi weusi hadithi hii tunaijua. Derby ya kwanza, 1875, majoki 13 kati ya 15 walikuwa weusi, na aliyeshinda, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Baadaye ubaguzi ukawatoa. Tangu Jimmy Winkfield ashinde 1902, hakuna Mmarekani mweusi aliyeshinda tena. Walioujengea mchezo jina ndio waliosahaulika kwanza.

Kwa hiyo kabla ya mradi mwingine mkubwa, uwanja utangaze wazi: kiasi gani ni cha wageni, kiasi gani ni cha vyumba vya wafanyakazi, matibabu yao na usalama wa farasi. Nawe ukienda Derby na likofia lako, piga picha zako, halafu uliza saisi analala wapi.